Picha Inayochorwa Ukiiomba

Mwezi wa Novemba mwaka 2006 simu yangu ililia nikiwa ndani ya matatu, hata jua halijachomoza vizuri. Aliyepiga alikuwa mzee mmoja aliyesimamia malori ya chakula kule Garissa. Mvua za vuli za mwaka huo zilileta mafuriko makubwa Garissa na Tana River, barabara zikawa zinakatika leo hapa kesho pale, na mimi ndiye niliyeunda tovuti ya ramani iliyokusudiwa kumwonyesha njia zinazopitika.

"Kijana wangu," akasema, "hii ramani yako hufunguka saa ngapi? Niko hapa tangu alfajiri. Naona kisanduku cheupe chenye msalaba mwekundu."

Wale mliotumia Internet Explorer ya enzi hizo mnaujua msalaba ule. Maana yake picha imeombwa na haikufika. Nilishuka, nikakimbia hadi ofisini, nikakuta seva inahema kama punda wa maji. (Nasema seva, lakini ilikuwa kompyuta ya kawaida tu, imelazwa chini ya meza yangu.) Nikafungua data yenyewe kwenye skrini, nikampigia mzee, na kwa dakika ishirini nikamsomea barabara moja moja kwa mdomo: hii inapitika, hii daraja limekwenda, hii bado hatujapata habari. Yeye akawa anaandika kwa kalamu. Miezi mitatu ya kuandika programu, na siku ilipohitajika kazi ikafanywa na simu na karatasi.

Leo nataka tuzungumze juu ya tatizo lililoniangusha siku ile: picha ambayo haipo kwenye diski ikingojea, bali huchorwa pale mtu anapoiomba. Tatizo lenyewe lina umri unaokaribiana na ule wa picha kwenye wavuti, na watu wa ramani ndio waliohangaika nalo kuliko wote. Kwa hiyo hebu turudi nyuma kidogo.

Mwezi wa Februari 1993, Marc Andreessen alipendekeza alama mpya ya HTML ya kuweka picha katikati ya maandishi, na kivinjari cha Mosaic kikaileta kwa watu. Wengi waliiona kama njia ya kubandika picha ambayo tayari ipo: nembo ya chuo, uso wa profesa, paka. Lakini kivinjari hakijui kama upande wa pili kuna faili au kuna programu. Chenyewe kinauliza anwani, kinaletewa baiti, kinazionyesha. Steve Putz, aliyekuwa akifanya kazi Xerox PARC kule Palo Alto, California, aliutumia mwanya huo mapema mno. Juni 1993 alifungulia watu tovuti ya ramani ya dunia ambayo haikuwa na ramani hata moja kwenye diski. Ilikuwa na data ya pwani, mito na mipaka, na programu ya kuchora. Ukibofya mahali fulani kwenye picha, kivinjari kilituma namba za pale ulipobofya, seva ikapiga hesabu ya kitovu kipya, ikachora picha upya, ikaigeuza kuwa GIF, ikakutumia. Kisha ikaisahau.

Ukitafakari, lilikuwa jambo la ajabu. Mtu yeyote mwenye Mosaic aliweza kuikaribia dunia kwa kubofya tu, mwaka ambao wengi wetu hapa Kenya hatujawahi kugusa tarakilishi (ndivyo walimu wetu walivyotufundisha kuiita). Na Putz alifanya jambo moja ambalo watu wengi waliomfuata walilikosea: hali yote ya ramani, yaani kitovu, ukubwa, na vitu vya kuonyeshwa, aliiweka ndani ya anwani yenyewe. Anwani ileile ilizaa picha ileile. Maana yake mtu aliye katikati ya njia angeweza kuiweka picha hiyo akibani na kumpa anayefuata bila kumsumbua mchoraji.

Ila hesabu ilimkataa. Tuseme picha ina upana wa pikseli 400 na kimo cha 200. Hapo kuna sehemu 80,000 za kubofya. Mimi nikibofya Mombasa na wewe ukabofya Mombasa, pikseli moja kushoto kwangu, tumeuliza maswali mawili tofauti na seva lazima ichore mara mbili. Bofya la pili linafanya njia zinazowezekana ziwe bilioni 6.4. Akiba ya nini hapo, ikiwa hakuna watu wawili wanaouliza kitu kimoja?

Miaka mingi baadaye tulikuwa bado pale pale. MapQuest, iliyofunguliwa Februari 1996, ilichora ramani kwa kila ombi, na mshale wa kusogeza ulikuletea ukurasa mzima upya. Chuo Kikuu cha Minnesota kilitoa MapServer, programu huria nzuri ambayo bado naipenda. Mwaka 2000 ukaja mkataba wa WMS, ambao uliziwezesha seva za ramani duniani kuzungumza lugha moja: nipe pembe nne za eneo, upana wa picha, kimo cha picha, nami nitakuchorea. Lugha hiyo ni ya heshima kwa muulizaji, maana anaruhusiwa kuuliza chochote. Hapo ndipo penye sumu. Dirisha la kivinjari chako likiwa na upana wa pikseli 783 na la jirani yako 791, hamtakutana kamwe.

Ramani yangu ya Garissa ilikuwa MapServer. Kila ombi liliamsha programu mpya kutoka usingizini: isome faili la mipangilio, ifungue mafaili ya barabara na mito, ichore, iikaze picha kuwa PNG, itume, ife. Kazi yote hiyo ilichukua kama sekunde mbili mtu akiwa peke yake. Asubuhi ile ya simu, maofisa walikuwa wameambiwa kwenye mkutano wa jana yake kwamba ramani ipo, wakaifungua wote kwa pamoja. Programu arobaini ziliamka kwenye mashine yenye megabaiti 512 za kumbukumbu, zikaanza kusukumana mpaka diski, na hapo hata picha moja haikumalizika. Waliochoka kusubiri walibofya tena, na bofya hilo likaamsha nyingine. Anayeshindwa kupewa huomba mara mbili, na mashine haijui kuwa mtu wa ombi la kwanza ameshaondoka.

Wazo langu la kwanza, kama la kijana yeyote, lilikuwa kutafuta mashine kubwa zaidi. Hatukuwa na pesa, nashukuru.

Kumbe waliokwisha kuliwazia jambo hili walikuwa watu wa mitandao, na kazi yao nilikuwa naiona kila siku. Mliofanya kazi kwa kampuni za intaneti mnayakumbuka yale machati ya kijani na buluu yanayoonyesha laini imejaa kiasi gani? Hayo ni ya MRTG. Tobias Oetiker aliianza akiwa Chuo Kikuu cha De Montfort, Leicester, Uingereza, ambako laini moja ya kilobiti 64 ilikuwa ikigombaniwa na chuo kizima, na watu walitaka kujua nani anaimaliza. Toleo la kwanza lilitoka 1995. MRTG ilifanya kazi kila baada ya dakika tano: ichukue namba, ichore chati, ziweke kwenye diski, zikae. Mtu akifungua ukurasa anakuta picha tayari, kama chapati zilizopikwa alfajiri na kufunikwa kwa kitambaa. Seva ya wavuti haina jasho hata kidogo.

Raha hiyo ina bei yake. Ukiwa na vifaa kumi, sawa. Ukiwa na elfu moja, mashine inapika usiku kucha chapati ambazo asilimia kubwa hakuna atakayezila, maana nani hufungua chati ya swichi ya ghorofa ya tatu kama haijaharibika? Oetiker mwenyewe aliliona, na mwaka 1999 akatoa RRDtool, ambayo iliachanisha kazi mbili. Namba zinakusanywa kila mara, lakini chati inachorwa mtu akiiomba. Ndani yake kuna swichi moja inayoitwa lazy, yaani mvivu: kama picha iliyoko kwenye diski bado inalingana na data, usichore, toa hiyo hiyo. Neno moja kwenye amri, na tabia ya mashine nzima inabadilika. Ukipata nafasi isome jinsi ilivyoandikwa.

Kwa hiyo njia zilikuwa tatu tangu zamani: chora kila ukiombwa, chora zote mapema, au chora ukiombwa mara ya kwanza kisha utunze. Mtu wa chati anaweza kuchagua mojawapo bila shida kwa sababu chati zake zinahesabika. Mtu wa ramani alikuwa na maswali yasiyo na mwisho, na hawezi kutunza yasiyo na mwisho. Ilibidi kwanza apunguze maswali.

Jibu lilionekana mapema mahali ambapo sikutarajia. Juni 1998 Microsoft ilifungua TerraServer, kazi ya Jim Gray, Tom Barclay na wenzao, lengo likiwa kuonyesha kwamba hifadhidata yao ya SQL Server inaweza kubeba terabaiti nzima. Walihitaji data nyingi, wakachukua picha za angani na za setilaiti, wakazikata vipande vidogo vya mraba, na kila kipande kikawa safu moja ndani ya hifadhidata. Ukitazama mji wako ulikuwa unaletewa vipande kadhaa vilivyopangwa kando kwa kando kwenye jedwali la HTML. Huwezi kuomba eneo lolote unalotaka. Unaomba vipande vinavyoligusa.

Kisha ikaja tarehe 8 Februari 2005, siku Google Maps ilipofunguliwa. Kiini chake kilitoka kwa kampuni ndogo ya Sydney, Where 2 Technologies, ya ndugu wawili Lars na Jens Rasmussen na wenzao wawili, ambayo Google iliinunua mwaka 2004. Watu walishangilia kuburuta ramani kwa kipanya bila ukurasa kufunguka upya, na walikuwa na haki. Mimi nilipoangalia kivinjari kinaomba nini, kilichonishika ni kingine. Dunia yote imekatwa vigae, kama sakafu. Baadaye ukubwa wa pikseli 256 kwa 256 ukawa ndio desturi ya karibu kila mtu. Katika kiwango cha kwanza dunia yote ni kigae kimoja. Ukikaribia hatua moja kila kigae kinagawanyika kuwa vinne. Kigae kinatajwa kwa namba tatu tu: kiwango, safu mlalo, safu wima. Dirisha lako liwe na upana wa 783 au 791, utaomba vigae vilevile na jirani yako, na kazi ya kuvipanga na kukata kingo inafanywa na kivinjari chako, ambacho kilikuwa kimekaa bure.

Nilicheka peke yangu. Miaka kumi na mbili watu walikuwa wanatafuta namna ya kuchora haraka, na ufumbuzi ukawa kumnyima muulizaji uhuru ambao hata hakuujali.

Lakini usifikiri kwamba ukiwa na vigae basi unachora vyote ukalala. Kiwango cha 10 kina vigae 1,048,576. Kiwango cha 18, ambapo unaona nyumba moja moja, kina 68,719,476,736. Ukijumlisha tangu 0 hadi 18 unapata zaidi ya bilioni 91, na sehemu kubwa ni maji ya bahari, kila kigae buluu tupu kama mwenzake. OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa na Steve Coast huko Uingereza mwaka 2004, iliwahi kuweka hadharani hesabu ya vigae ambavyo watu walivitazama kweli: chini ya asilimia 2 ya vyote.

Mimi sikuhitaji dunia. Nilihitaji Garissa na Tana River. Usiku wa siku ile ya simu niliketi nikaandika skripti ya PHP, nikiiga mpangilio wa vigae, kuanzia kiwango cha 8 hadi cha 13. Hesabu ilitoka vigae kama 8,000. Jaribio la kwanza lilikuwa la aibu. Niliagiza kila kigae kichorwe peke yake, na MapServer, ambayo haikujua kuna kigae cha jirani, ikaandika jina la Garissa mara nne kwenye pembe nne, na mji mwingine ukakatwa shingo katikati ya jina. Dawa yake ni kuchora picha moja kubwa ya pikseli 2048 kwa 2048, majina yajipange humo kwa nafasi, kisha kuikata kwa mkasi vipande 64. Nilidhani nimevumbua kitu. Kumbe wengine wengi walifika hapo hapo, na leo programu nyingi za vigae hufanya hivyo. Faida ya pili sikuitarajia: kuchora picha kubwa moja ni rahisi mno kuliko kuchora ndogo 64, kwa sababu mafaili yanafunguliwa mara moja tu. Kazi yote ilikuwa picha 125 na chache juu. Nikaiweka kwenye cron ifanyike kila siku saa nane usiku, na mchana seva ikawa inagawa mafaili tu.

Hapo kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya Marekani havikuliandika. Ofisi ya Garissa ilitumia dishi la setilaiti lililozungumza na kituo cha Ulaya. Setilaiti ya namna hiyo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali la mzee lilipanda angani, likashuka Ulaya, likapanda tena, likashuka Nairobi, na jibu likarudi njia hiyo hiyo. Mwanga wenyewe, bila foleni yoyote, unatumia karibu sekunde nzima kwa safari hiyo. Vivinjari vya wakati ule viliruhusu maombi mawili tu kwa pamoja kwa seva moja, kulingana na ushauri wa HTTP/1.1 wa mwaka 1999. Vigae 12 vya kujaza skrini ni safari sita, yaani sekunde sita za kungojea tu kabla hujahesabu baiti. Ndiyo maana ramani nyingi za zamani zilitumia majina ya seva a, b na c yanayoelekea kwenye mashine ileile: zilikuwa zinamdanganya mlinzi wa mlango ili waingie sita badala ya wawili. HTTP/2 ilipokuja 2015 ujanja huo ukakosa maana.

Kilichotuokoa sisi ni akiba. Niliambia seva iweke kwenye kila kigae maelezo kwamba kitunzwe saa 24. Ofisi ya Garissa ilikuwa na Squid, programu inayotunza kilichopita kwenye laini. Mtu wa kwanza asubuhi alisubiri sekunde ishirini hivi. Wa pili hakusubiri. Mzee akanipigia kunishukuru, na kwa wiki tatu nilitembea mjini nimeinua kichwa.

Mwezi wa Desemba akapiga tena. Sauti haikuwa ile. Kipande cha barabara kusini ya Garissa kilikatwa na maji saa nne asubuhi. Habari ilitufikia, nikaiingiza kwenye data mimi mwenyewe saa tano. Lori likaondoka saa sita likifuata ramani, na kwenye ramani barabara ilikuwa ya kijani. Kijani cha saa nane usiku. Hata ningechora upya papo hapo isingesaidia, maana Squid ya Garissa ilikuwa imeambiwa, na mimi, kwamba isiulize hadi kesho. Lori lilizama, likakaa siku tatu. Hakuna aliyeumia, lakini unga uliharibika, na kuna watu waliokuwa wakiungojea unga ule.

"Kijana," mzee akasema, "ile ramani yako ya kwanza haikufunguka. Lakini haikunidanganya."

Sijawahi kuandikiwa ripoti ya hitilafu iliyo sahihi zaidi ya hiyo.

Nieleze jinsi wakubwa walivyolitatua hili, kwa sababu wao walikuwa na tatizo letu mara milioni. Ramani kuu ya OpenStreetMap mwanzoni ilichorwa upya mara moja kwa wiki. Kando yake palikuwa na mpango wa kupendeza ulioanza 2006, Tiles@home, ambapo watu wa kujitolea waliazima kompyuta zao za nyumbani zichore vigae na kuvipeleka kwenye seva kuu. Ulifungwa 2012. Kilichodumu ni mchanganyiko wa Mapnik, mchoraji aliyeandikwa na Artem Pavlenko tangu 2005, na mod_tile, moduli ya Apache. Namna mod_tile inavyofikiri ndiyo nataka uione. Ukiomba kigae, inaangalia kwenye diski. Kipo na bado ni kipya: chukua. Hakipo kabisa: inamwambia mchoraji, inakusubirisha sekunde chache, na ukichelewa sana inakwambia hakuna, ili mlango usizibe. Kipo lakini data imebadilika tangu kilipochorwa: inatazama mchoraji ana kazi kiasi gani. Akiwa na nafasi, anachora upya wakati unangoja. Akiwa amelemewa, unapewa kile cha zamani mara moja, na kigae kinaingia kwenye foleni ya wachafu wanaongoja kuoga. Anayekuja baada yako atapata kipya. Na siku ambayo watu wote wanaingia kwa pamoja, ile iliyoniua mimi, mfumo unazeeka kidogo badala ya kuanguka.

Upande wa pili ni kujua kipi ni kichafu. Kila badiliko la data, kwa mfano barabara moja imeongezwa, hugeuzwa kuwa orodha ya vigae linavyovigusa, na hivyo tu ndivyo vinavyotiwa alama. Baadaye mabadiliko yakaanza kuingia kila dakika. Hili si jambo dogo kwa mchoraji wa mtaani. Oktoba 2009, mradi wa Map Kibera ulipoanza, vijana 13 wa Kibera walizunguka vijiji vyao na vifaa vya GPS, mahali ambapo ramani nyingi za mtandaoni zilionyesha doa tupu. Mtu ameshinda juani akitia alama bomba, choo na kliniki, anarudi jioni, anaingiza kazi yake, anafungua ramani. Akikuta doa lile lile, ataamini vipi kwamba kazi haikupotea? Kwake, kigae cha wiki iliyopita ni sawa na kuambiwa hukufanya kitu. (Mwaka huo huo nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na ile safari ya kilomita 35,786 ikaanza kuwa hadithi ya wazee kama mimi.)

Siku hizi picha yenyewe inaondoka. Desemba 2010 Google Maps ya simu za Android ilianza kutuma mistari na majina badala ya picha, na simu ikachora yenyewe. Mapbox walitoa mkataba wao wa vigae vya namna hiyo mwaka 2014, na mwaka 2025 tovuti ya OpenStreetMap nayo ikaviweka. Mchoraji amehamia mfukoni mwako. Vigae, hata hivyo, vimebaki: kiwango, safu mlalo, safu wima, na mtu bado lazima aamue vitunzwe kwa muda gani.

Nimemwacha mzee njiani. Usiku ule wa Desemba nilibadilisha mambo matatu. Kila nilipohariri barabara, skripti ilipiga hesabu ya vigae vilivyoguswa, mara nyingi kumi na kitu tu, ikavifuta na kuvichora papo hapo. Muda wa kutunza niliushusha kutoka saa 24 hadi dakika kumi, na baada ya hapo Squid ilipaswa kuuliza: kimebadilika? Seva hujibu hapana kwa herufi chache, bila kutuma picha, kwa hiyo laini haikulemewa. La tatu lilikuwa la kienyeji. Nilichapa saa ya kuchorwa kwenye pembe ya kila kigae, kwa wino mwekundu. Ramani ikawa mbaya ajabu, saa kila mahali, kama ukuta wa fundi saa. Mkubwa wangu alitaka niziondoe. Nikakataa.

Kesho yake mzee akapiga mapema.

"Naona huku Hola umeandika saa kumi na moja alfajiri. Mbona pale juu ni saa nane usiku?"

Nikamweleza kwamba pale juu hakuna kilichobadilika tangu saa nane, ndiyo maana mashine haikupachora tena.

Akanyamaza kidogo. "Hakuna kilichobadilika," akasema, "au hakuna aliyekwenda kuangalia?"

Sikuwa na jibu. Nikamsikia akimwita mtu pale nje, akimwambia achukue pikipiki.